Kigoda cha baba katika hadithi ya Murile

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Pasua, Moshi, nina watoto wawili na kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani. Msimu ukichanganya nalala nyumbani siku mbili, napanda tena siku saba au nane. Desemba iliyopita tulikwenda Old Moshi, mama yangu akamsimulia mwanangu wa miaka 11 hadithi yetu ya Kichagga ya Murile kama alivyotusimulia sisi. Murile anachimba magimbi na mama yake, anaona gimbi moja zuri kama mdogo wake. Analificha kwenye tundu la mti, linageuka mtoto, naye analilisha chakula chake kila siku mpaka anakonda. Mama anagundua, anakiua kile kitoto. Murile anakalia kigoda cha baba yake, analia, anakiambia kipae juu kama kamba ambayo baba hutundikia mzinga wa nyuki. Kinapaa, anafika kwa Mfalme wa Mwezi. Watu wa huko wanakula vibichi, anawafundisha moto, wanamlipa ng'ombe. Anarudi nyumbani amebebwa na fahali aliyemwonya asije akala nyama yake. Fahali akizeeka, baba anamchinja. Mama anaficha mafuta kwenye unga na kumlisha mwanawe bila kumwambia. Murile anadidimia ardhini.

Mke wangu ameipiga marufuku hadithi hii. Anasema inamfundisha mtoto kumchukia mama, na akimsimulia mdogo wake anasema yule alikuwa mama wa kambo. Mimi niliwahi kuhudhuria semina ya wanaume huko Arusha, msemaji akaeleza hadithi ya Wajerumani: mtoto wa mfalme anaiba ufunguo chini ya mto wa mama yake ili amfungulie mtu wa porini. Akasema saikolojia imethibitisha kwamba mvulana asiyemwibia mama ufunguo hawi mwanaume. Nani mkweli hapa? Kijana alitahiriwa hospitalini akiwa mdogo, mafundisho hakupata. Na tangu Desemba nikiwa mlimani anakaa kwenye kiti changu pale sebuleni, mama yake akimwambia atoke anagoma. Mke wangu anasema hayo ndiyo matunda ya hadithi.

JIBU: Marahaba, baba, na pole na mlima.

Nianze na mkeo. Alipomgeuza mama wa Murile kuwa mama wa kambo alifanya jambo lenye ukoo mrefu. Ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya hadithi, walipochapa mwaka 1812 kisa cha binti mweupe kama theluji, aliyemwonea wivu binti na kuagiza auawe alikuwa mama yake mzazi. Toleo la 1819 likatoka, tayari ni mama wa kambo. Wale watoto wawili waliotelekezwa msituni wakaikuta nyumba ya mikate nao walipitia hivyohivyo: mama wa toleo la kwanza akaja kuwa mama wa kambo katika matoleo ya baadaye. Ukatili haukupunguzwa hata chembe, ni mtuhumiwa tu aliyebadilishwa. Mwambie mkeo Wilhelm Grimm angempa mkono.

Hila hiyo ina watetezi. Wafuasi wa Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, wanasema mtoto mdogo hawezi kulibeba kwa pamoja jambo hili, kwamba mama anayempakata na mama anayemfinya ni mtu mmoja, kwa hiyo hadithi inamgawa: mwema amekufa, mbaya ameolewa. Kwa mtoto wa miaka minne naikubali. Kwa wa miaka 11 siikubali. Huku kwetu mama wa kambo si mtu wa hadithini, ndiye anayemfulia mtoto sare za shule, na kila paukwa pakawa inamwongezea kesi asiyoijua. Tena Murile mwenyewe anabomoka. Mafuta yakifichwa kwenye unga na mama wa kambo ni sumu, basi, hakuna la kufikiria. Yakifichwa na mama mzazi ni mapenzi. Anaona baba mtu amechinja, watu wanakula, na mwanawe aliyehangaika na mnyama yule hapati hata kipande. Roho inamuuma, anamwekea. Anammaliza kwa kumpenda. Nadhani hilo ndilo linalomtisha mkeo, na ana haki. Mimi nimelea wavulana watatu na bado linanitisha.

Sasa semina. Neno “imethibitisha” lirudishwe kwa mwenyewe.

Kusoma hadithi kwa jicho la saikolojia ni kazi ya zaidi ya miaka 100. Freud alizichukua kama ndoto, nyuma ya kila picha kuna tamaa iliyojificha. Carl Jung (1875–1961), Mswisi, aliachana naye akasema picha hizi ni za kale kuliko mtoto yeyote, binadamu wote tunazo: mzee wa hekima, mama anayelea na mama anayemeza, na kile alichokiita kivuli, yaani ile sehemu yetu tunayoikana. Mwenzake, Marie-Louise von Franz (1915–1998), ndiye aliyezishika hadithi za kimapokeo akazifanya kazi ya maisha. Mkondo wao unasoma hivi: usiichukue hadithi kuwa ni habari za familia fulani, ichukue kuwa ni habari za mtu mmoja. Mfalme, malkia, mtoto, zimwi na farasi wote wanakaa ndani ya nafsi moja. Ukisoma hivyo, anayeua kitoto cha gimbi si mama yeyote wa Pasua. Ni sauti iliyomo ndani ya mvulana mwenyewe, inayomwambia rudi ndani ule, acha upuuzi.

Ni usomaji mzuri, na mimi nautumia karibu kila wiki. Lakini si kipimo cha damu. Hauna namna ya kukosea, na kisichoweza kukosea hakiwezi kuthibitisha kitu. Wataalamu wa ngano wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wanasaikolojia huokota toleo moja, tena la kitabuni, wakalifanya sauti ya binadamu wote, ilhali hadithi inabadilika ukivuka mto tu kwenda kijiji cha pili. Nami nina kosa langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii alikuja mama mmoja, mjane, aliyekuwa bado analala kitanda kimoja na mwanawe wa miaka tisa. Nikamwambia anammeza mtoto. Nilitumia neno hilohilo, kumeza, nimetoka nalo kitabuni likiwa bado la moto. Hakurudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba chumba kilikuwa kimoja na kitanda kilikuwa kimoja.

Halafu hiyo hadithi ya ufunguo msemaji wenu aliisoma nusu. Katika mkusanyo wa Grimm ni namba 136, na iliingia kwa umbo hilo katika toleo la 1850. Mtu wa porini, mwili wake una rangi ya chuma chenye kutu, anakutwa chini ya dimbwi msituni, anafungwa kamba, analetwa kwa mfalme. Siku moja mpira wa dhahabu wa mtoto unaingia ndani ya kizimba chake. Mtu anamwambia: nifungulie nikupe mpira wako, ufunguo uko chini ya mto wa mama yako. Hapo ndipo semina husimama na makofi yakapigwa. Lakini nani aliyeagiza kile kizimba cha chuma kiwekwe uani? Mfalme. Nani aliyetangaza kwamba atakayefungua atakufa? Mfalme. Na nani aliyemkabidhi malkia ufunguo autunze? Mfalme huyohuyo. Yule mama alikuwa mlinzi wa amri ya mumewe. Aliyemwogopa mtu wa porini ni baba. Akamfungia, kisha akampa mkewe kazi ya kuonekana mkali.

Nyumba za namna hiyo nazijua, hazihitaji hata mfalme. Baba anarudi na zawadi, na “hapana” zote za mwezi mzima zimeshatamkwa na mama.

Turudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Wachagga. Isome hadithi ya mama yako upya, safari hii ukimfuata baba peke yake. Kwa jinsi ulivyoniandikia, baba hasemi neno. Ana kigoda. Ana kamba ya kutundikia mzinga. Mwishoni ana kisu. Wapo wanaosimulia pia kwamba kabla Murile hajarudi, ndege alitumwa duniani akaichukue fimbo ya baba yake iwe ushahidi. Kigoda, kamba, fimbo, kisu: baba amejaa vyombo, sauti hana. Mtoto amefiwa na kitu cha kwanza alichokilea, anatafuta mtu wa kumlilia, anakuta kiti kitupu. Anakikalia.

Na hicho kitu cha kwanza tusikipite haraka. Mvulana wa miaka kumi, kumi na moja, anakuwa na tundu lake la mti. Siku hizi linaweza kuwa daftari la mistari ya kufoka, njiwa wawili nyuma ya choo, rafiki ambaye nyumbani hawamjui. Ni kitu ambacho kwa mara ya kwanza yeye ndiye mzazi wake. Anakilisha kwa siri, na chakula kinatoka kwenye sahani aliyopakuliwa na mama, kwa hiyo yeye mwenyewe anapungua: alama zinashuka, akiitwa hasikii, anakula akiwa amesimama. Mama anaona mtoto anakonda. Hajui kwamba mahali fulani kuna mtoto mwingine anayenenepa. Akikigundua anakiua, na moyoni anajua ameokoa uhai. Mpe mkeo habari hiyo, maana naona hakupewa: mama wa Murile hakuua kwa roho mbaya. Aliziona mbavu za mwanawe.

Kisha safari ya juu. Wengi wakisimulia huruka hapa kwa sababu ni ndefu na inajirudia, wanakimbilia ng'ombe. Kule juu Murile anakutana na watu wanaokusanya kuni, anawaomba njia ya kwa Mfalme wa Mwezi, nao wanamwambia tusaidie kwanza. Anasaidia. Anakutana na wanaokata majani: tusaidie kwanza. Wanaolima, wanaochunga, wanaovuna maharage, wanaoteka maji, wote ni hivyohivyo. Hakuna upanga. Hakuna farasi mwekundu, mweupe na mweusi kama anavyopewa yule mvulana wa Kijerumani. Ni kazi za kihambani, zilezile alizoziacha nyumbani, ila sasa anawafanyia watu ambao si wazazi wake na hawana sababu ya kumsifia. Mtu akiniuliza jando linamfanyia nini mvulana, namjibu kwa wale wakusanya kuni.

Anapofika anawapa nini? Moto. Na moto ameujulia wapi kama si kwenye mafiga ya mama yake? Ng'ombe wote wale aliolipwa, utajiri uliomrudisha nyumbani kama mtu mzima, umetoka jikoni kwa mwanamke aliyemkimbia. Ndiyo maana ule usemi wa ufunguo unaniudhi. Unamfanya mama awe mlango tu wa kuvunjwa, wakati hadithi za kwetu zinamtuma kijana mbali akiwa na kitu cha mama mkononi.

Nasema hadithi, si hadithi moja, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Tanga na Murile nimemjulia ukubwani. Bibi yangu alitulaza na kisa cha Sultani Majinuni, ambacho Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alikichapa mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa Unguja. Sultani ana wana saba na paka mmoja. Paka anakula kuku, watu wanakuja kushtaki, sultani anasema paka wangu na kuku wangu. Anakula mbuzi: paka wangu na mbuzi wangu. Anakula ng'ombe, jibu ni lile. Mpaka anawala wana wa sultani, na hapo jina la paka limekwisha, sasa ni nunda mla watu. Anayeinuka kumfuata ni kitinda mimba, kijana aliyeitwa Mkaa Jikoni kwa kuwa alishinda jikoni. Anaua mbwa, anamburura mpaka nyumbani akiimba, “Mama wee, niulaga nunda mla watu!” Mama anamwitikia, “Mwanangu, siye huyu nunda mla watu.” Anarudi porini, analeta fungo: siye. Punda milia: siye. Twiga, kifaru, tembo. Sisi wajukuu ndio tuliokuwa tukiitikia siyeee, na wadogo usingizi uliwachukua kabla ya kifaru.

Kama nilivyosema, Jung alizungumzia kivuli. Paka wa sultani ni kivuli chenye manyoya: tabia ya baba ambayo baba anaitetea kwa neno “yangu” mpaka inafika vyumbani kwa watoto. Kwa mmoja ni pombe, kwa mwingine ni kubeti, kwa mwingine ni hasira ambayo watu wa nyumbani wameshajifunza kuizunguka kwa kunyata. Lakini kinachonivuta zaidi ni mama. Alimsihi mwanawe asiende, kama mama yeyote. Alipokwenda, hakumdanganya. Hakupigia vigelegele mbwa. Kila mara alitoka nje, akatazama, akasema si huyu, na kijana akarudi porini bila kuchukia, kwa sababu aliamini kipimo cha mama. Na siku nunda alipoletwa kweli, aliyesema “ndiye” ni yuleyule. Huyo si mama wa kuibiwa ufunguo. Sultani mwenyewe alikuwa hajui hata paka wake amekuwa mkubwa kiasi gani.

Umegusia mafundisho ambayo kijana hakupata. Ni kweli yalikuwepo, na bahati nzuri kwa Wachagga yameandikwa. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliyakusanya katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Kulikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, na mwalimu aliyeishika alijua kila alama ina somo gani. Siku hizi kisu kimehamia hospitalini, jambo ambalo kwa afya nalishukuru, na mregho haukuhamia popote. Sitaki pia tuyalilie yote ya zamani kama wafanyavyo wasemaji wa semina. Majando mengi ya nchi hii yalikuwa na vipigo, na matusi juu ya wanawake ambayo nisingependa kijana wako ayakariri.

Ila kuna kitu kimoja cha kuchukua. Mwaka 1909 Arnold van Gennep alionyesha kwamba sherehe za kuvuka rika, mahali pengi duniani, zina hatua tatu: kumtenga mtu, kumweka kati, na kumrudisha akiwa mwingine. Hatua ya kwanza tunaiweza sana, siku hizi tunaiita bweni. Ya tatu ndiyo inayotushinda, na Murile anafia hapohapo. Alirudi akiwa mtu mwenye mwiko wake, wakampokea kama mtoto wa kulishwa. Baba hakuuliza, akachinja. Mama hakuuliza, akapakua.

Hapa Arusha jirani zangu Wamaasai wana jambo ninalowaonea wivu. Katika eunoto, morani anapovuka kutoka ujana wa umorani kwenda ngazi inayofuata, zile nywele ndefu zilizopakwa ngeu hunyolewa na mama yake. Hajafichwa, hajaibiwa. Ameitwa aje amwone mwanawe akivuka, na wembe amepewa yeye.

Sasa kiti cha sebuleni. Mkeo ameona kiburi. Sijamwona mtoto, kwa hiyo ninachosema ni tafsiri na inaweza kuwa na makosa, lakini barua yako niliirudia mara mbili na mara zote mbili nilikwama pale pale. Kijana amesikia hadithi ya mvulana mwenye huzuni anayekalia kigoda cha baba asiyesema. Nyumbani kipo kiti cha baba ambaye katika siku kumi hayupo nane. Hadithi haikumfundisha kugoma. Ilimpa mahali pa kukaa. Na kuna kitu kingine, sijui kama umekiona: kwenu anayepaa ni wewe. Wewe ndiye unayekwenda juu, mita 5,895, kwa watu wa mbali, ukawafanyia kazi kwanza ndipo wakulipe, ukarudi na mali. Huenda mtoto anajaribu tu kuona kama kiti hicho kinafika huko.

Ugomvi wa kiti usimwachie mkeo. Ni kiti chako. Ukirudi, mbele ya mama yake, mwambie: nikiwa mlimani kiti hiki ni chako, na mama akikitaka unampisha, kama ninavyompisha mimi. Hilo la mwisho liwe kweli kabla hujalisema.

Hadithi isifichwe. Isimuliwe na wewe, wote wanne mkiwepo, mama awe mzazi kama alivyo kwa bibi. Mkeo aimbe sehemu ya mama akitaka, na akitaka kumtetea katikati ya hadithi amtetee, watoto hupenda wakubwa wakibishana juu ya mtu ambaye hayupo. Pale Murile anapokalia kigoda, simama. Mwulize kijana: baba yake angekuwepo pale angemwambia nini? Jibu lolote atakalotoa lipokee, endelea. Usimweleze maana. Haya yote niliyoandika hapa ni yako na mkeo. Ukimfafanulia mtoto mti ni nini na gimbi ni nini, umekwenda kulifunua tundu lake mchana kweupe, na atahamishia vitu vyake mahali pengine.

Kamba pia ina kazi yake. Murile alikuwa ameona kamba ya mzinga, alijua baba huitumiaje, ndiyo maana aliweza kuitaja wakati wa shida. Mwanao ameona nini cha kazi yako zaidi ya viatu vyenye vumbi na begi la nguo chafu? Siku moja kabla ya kupanda, pangeni vifaa pamoja. Mfundishe mafundo ya hema. Mpe mizani apime mizigo ya wagumu, yaani wapagazi wenu, akijua kwamba mgumu hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20, na akikuta umezidisha akwambie. Jumamosi ambayo haupo, aende kwa mjomba au kwa jirani akasaidie kazi halisi, kukata majani, kubeba maji, mahali ambapo hatabembelezwa wala kupakuliwa nyama kubwa. Hao ndio wakusanya kuni wake.

Kama mbali na kiti kuna mengine, anapiga mdogo wake, kukojoa kitandani kumerudi, shule haitaki, hayo si ya kusimuliwa wala ya kuandikiwa barua. Mpelekeni kwa mtaalamu akamwone uso kwa uso.

Na mkishaisimulia mara moja, siku nyingine ukirudi kutoka mlimani ukamkuta kitini, usimwondoe. Vuta kigoda ukae chini yake, umwombe yeye ndiye akusimulie. Akifika kwenye mafuta nyamaza kabisa, hata akikosea. Watoto wa rika lake huwa hawakubali mwisho waliopewa. Niandikie kama Murile wake alididimia.